Daraja la Dona Ana: Chuma ni cha Nani?

Leo tuvuke mpaka hadi Msumbiji, kwenye mto Zambezi, pale Vila de Sena inapotazamana na Mutarara. Karne nyingi zilizopita wafanyabiashara Waislamu wa pwani walifika Sena kwa njia ya mto kutafuta dhahabu na pembe za ndovu.

Katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wareno, lilijengwa hapo daraja la reli la Dona Ana, lenye urefu wa kilomita 3.67. Lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya reli Afrika wakati huo. Vyuma vyake vimeungwa kwa pembetatu. Wanafunzi wetu huwa tunawaambia: fungeni vijiti vinne viwe mraba, kisha sukumeni, utapinda. Fungeni vitatu, hautapinda. Hiyo ndiyo siri ya daraja lile.

Lakini lilijengwa kwa ajili ya nani? Lilikusudiwa kuunganisha bandari ya Beira na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, pamoja na makaa ya mawe ya Moatize. Gharama za reli hiyo ziliwaelemea walipa kodi wa Nyasaland kwa miaka mingi. Mkulima maskini alilipia njia ambayo faida yake kubwa ilikwenda kwa wengine.

Katika miaka ya 1980 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililivunja. Amani ilipopatikana, Marekani ilitoa fedha, na mwaka 1995 likafunguliwa tena, safari hii kwa magari, yakipita kwa njia moja. Daraja la treni likawa barabara ya wananchi.

Mwaka 2006 magari yalizuiwa ili reli irudishwe. Daraja jipya la magari kule Caia, chini zaidi ya mto, lilifunguliwa mwaka 2009, na mwaka huo treni zikarudi Dona Ana. Baadaye yakaanza kupita mabehewa ya makaa ya mawe.

Ndugu zetu, kuhifadhi daraja ni kukwangua kutu, kupaka rangi, kukaza bolti na kukagua nguzo ambazo mafuriko hukomba mchanga wake. Hayo ni ya lazima. Lakini chuma kikipona na jirani wa daraja akabaki ng'ambo, tumehifadhi nusu tu. Daraja ni amana, na amana ina wenyewe.