Karani, Meneja, Mwanachama: Elimu ya Biashara Ikipimwa Rungwe

Wilaya ya Rungwe haina shule kuu ya biashara. Kijana wa Tukuyu anayetaka shahada ya uhasibu au ya usimamizi wa biashara hupanda gari hadi Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi, akipita Kiwira na Uyole. Mbeya atakuta kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, iliyoanza mwaka 2013, na ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe. Nacho Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kimeongeza masomo ya biashara kando ya uhandisi. Nyumbani kijana huyo ameacha uchumi mzima: chai inayokaushwa Katumba na Mwakaleli, migomba, viazi, maziwa, na parachichi za Hass zinazovuka bahari.

Elimu ya biashara tunayoikuta vyuoni haikutoka chimbuko moja. Kila mapokeo yaliyoijenga yalikuwa na mtu wake yaliyekusudia kumlea: ya kwanza yalimlea karani, ya pili meneja, ya tatu mwanachama. Nataka kuyapima matatu hayo kwa mkulima wa Rungwe, maana yeye ndiye anayelipa gharama elimu hiyo inapokosea.

Tuanze na karani. Mzumbe ilianza mwaka 1953, Waingereza walipofungua shule ya kuwafundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, kilichojulikana sana kwa jina la IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. CBE ilianzishwa mwaka 1965, nchi ikiwa changa na Waafrika waliosomea uhasibu na biashara wakiwa wachache mno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunda Kitivo cha Biashara na Menejimenti mwaka 1979, na mwaka 2008 kitivo hicho kikawa Shule Kuu ya Biashara. Mapokeo haya yalijibu haja ya kweli. Taifa lilihitaji watu wa kutunza daftari, kukagua hesabu, kununua vifaa vya umma na kuandika taarifa zinazoaminika.

Thamani yake Rungwe ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. CBE hufundisha fani ambayo vyuo vichache huigusa: mizani na vipimo. Kwa mkulima wa viazi, fani hiyo ni suala la haki. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, hulipwa kama gunia moja ilhali limebeba zaidi, na ziada yote ni jasho la mkulima lisilolipwa. Serikali imeikataza mara nyingi, nayo bado ipo. Mtaalamu wa vipimo akisimama sokoni na mizani iliyohakikiwa, anamwongezea mkulima kipato bila kuongeza hata shina moja shambani.

Udhaifu wa mapokeo haya ni kwamba karani alilelewa kuingia katika ofisi iliyokwisha kuwapo. Ofisi zikipungua, mhitimu hukaa akisubiri tangazo la kazi, na ujuzi wake unalala.

Mapokeo ya meneja yalitoka Marekani. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa mwaka 1908, na mwaka 1921 ikatoa kisa chake cha kwanza cha kufundishia kilichoandikwa, kuhusu kampuni ya viatu. Mwanafunzi hupewa habari za kampuni zilivyo, zenye mapengo na mashaka, kisha huulizwa angeamua nini. Njia hii imeenea duniani pamoja na shahada ya uzamili ya MBA, na vyuo vyetu navyo vinaitoa shahada hiyo. Nguvu yake ni kumzoesha mtu kuamua kabla hajajua yote, na biashara haina namna nyingine ya kufanyika.

Kasoro huja kisa kinapoletwa kizima kutoka ng'ambo, nacho kinamkalisha mwanafunzi katika kiti cha bosi wa shirika asilolijua. Rungwe ina visa vyake, na ni vigumu kuliko vya viatu. Jani bichi la chai huanza kuharibika mara linapochumwa, hivyo lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, hata barabara ikiwa tope tupu wakati wa masika. Kwa miaka mingi chai nyingi ya Tanzania iliuzwa mnadani Mombasa, kwa dola, na mchumaji akalipwa kwa shilingi. Parachichi nayo ina tabia yake: haiivi ikiwa mtini, kwa hiyo mkulima aliyekomaza tunda anaweza kulisubirisha mtini kwa muda. Je, amwuzie dalali aliyesimama shambani na fedha mkononi, au asubiri kampuni inayochagua ukubwa na kuyaacha matunda yenye madoa? Darasa linaloweza kulijadili swali hilo kwa hesabu, kwa sheria ya mikataba na kwa ujuzi wa mbogamboga na matunda limefundisha biashara kweli.

Mapokeo ya tatu, ya mwanachama, yana makao yake Moshi. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, katika mkoa ambao wakulima wa kahawa walikuwa na chama kikuu chao, KNCU, tangu 1933. Hoja yake ilikuwa nzito: chama kikiwa mali ya wakulima, wakulima wenyewe sharti waelewe hesabu zake. Elimu ya ushirika ikawafuata wanachama vijijini kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea, kwa msaada mkubwa wa nchi za Skandinavia. Mwaka 2014 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Historia inaonyesha pia mahali mapokeo haya yalipojeruhiwa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, lakini mkulima alikuwa amekwisha kuzoea kuletewa bei na makato bila kuulizwa. Mwanachama asiye na sauti hawezi kulindwa na elimu peke yake.

Rungwe ina pia mapokeo yasiyo na cheti. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakala pamoja wakizunguka nyumba za mama zao, na miaka ilipopita vibanda vile vikawa kijiji kamili. Mali, hasa ng'ombe, ilibaki kwa wazee, kwa hiyo tusiyasifu mapokeo haya kupita kiasi. Hata hivyo, yalimfundisha kijana kuendesha jambo la pamoja na wenzake bila kungoja kuajiriwa.

Sasa tumtazame mkulima wa leo. Katika chai, wakulima wadogo wa Rungwe, kupitia chama chao, wamekuwa na hisa katika kampuni ya Wakulima Tea inayoendesha viwanda. Mtu huyu anauza jani, na papo hapo ni mmoja wa wenye kampuni inayolinunua. Anahitaji usahihi wa karani ili asome taarifa iliyokaguliwa, uamuzi wa meneja ili ajue gawio lichukuliwe au liwekezwe, na ujasiri wa mwanachama ili asimame katika mkutano mkuu na kuuliza. Mapokeo yoyote kati ya hayo, yakiwa peke yake, yanamwacha nusu.

Lipo pingamizi la lugha. Mihadhara ya chuo kikuu hutolewa kwa Kiingereza, na mikataba ya kuuza nje huandikwa hivyo. Ni kweli, na mhitimu akijue Kiingereza vizuri. Lakini mikutano ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, hufanyika kwa Kiswahili, na mhitimu asiyeweza kumweleza mjumbe wa bodi maana ya uchakavu wa mtambo kwa Kiswahili fasaha hajamaliza masomo.

Basi vyuo vya Mbeya viandike visa vya chai, maziwa, ndizi na parachichi za Rungwe, kwa Kiswahili, na viwe sehemu ya mitihani. Wanafunzi wa vipimo wafanyie mafunzo kwa vitendo katika masoko ya mazao, na wa uhasibu katika AMCOS. Bodi za vyama zipewe kozi fupi Tukuyu, baada ya saa za kazi za shamba, kwa ada wanayoimudu. Nawe kijana wa Rungwe unayejaza fomu za chuo mwaka huu, usiulize tu kozi ipi ina ajira. Uliza itakufundisha nini kuhusu shamba la wazazi wako, na ukikosa jibu, wadai walimu wako.