Mizania ya Mpunga: Viwango Vipya vya Hesabu na Mashamba ya Usangu

Chimala ni mji mdogo uliokaa chini ya milima, pale ambapo nchi ya juu ya Matamba na Kitulo huteremka ghafula hata kuufikia uwanda wa Usangu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa mwaka wa 1975, hupita hapo pia. Njia ya kwenda mashamba ya Kapunga huanzia hapo. Kila msafiri huuona mpunga wa nchi hiyo. Wachache hufikiri kwamba mpunga huo huo, ukiwa bado shambani, umepata kuandikwa vitabuni kwa namna zaidi ya moja, na kwamba kila namna huleta faida yake na hasara yake. Historia hiyo ni ya hesabu. Lakini ni ya lugha vilevile.

Maneno ya hesabu ni miongoni mwa maneno ya zamani ya biashara ya pwani. Hesabu, faida, hasara, thamani na daftari yote yamepitia Kiarabu. Rasilimali asili yake ni "kichwa cha mali". Mizania ni ndugu wa mizani, chombo cha kupimia uzito: upande mmoja mali, upande wa pili madeni na haki za wenyewe, na pande mbili zilingane. Lakini anayetunga kanuni za daftari hutawala pia lugha yake. Mwaka wa 1923 serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitoa sheria za kodi ya faida na leseni za biashara, na daftari za Kigujarati hazikukubaliwa. Wafanya biashara wa Kihindi walifunga maduka yao kwa kupinga sheria hizo. Tangu hapo ilidhihirika kwamba kanuni ya hesabu si jambo la makarani peke yao.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 mali nyingi iliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na hapana budi mali hiyo ihesabiwe. Shirika la Ukaguzi wa Hesabu liliundwa mwaka wa 1968, na sheria ya mwaka wa 1972 ikaanzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Katika miaka hiyo ya 1970 shamba la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China. Baadaye likafuata la Kapunga. Yote mawili yalikuwa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO.

Desturi ya zamani ya uhasibu ilikuwa kuandika mali kwa gharama yake. Mpunga uliosimama shambani ulikuwa na thamani ya mbegu, mbolea, mafuta ya trekta na mishahara iliyokwisha kutumika. Faida ilisubiri siku ya kuuza. Desturi hiyo ililingana na wakati wake. Bei za nafaka zilitangazwa na serikali, na mnunuzi rasmi alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Palipokuwa hapana soko huru, kuuliza bei ya soko kungalikuwa kuuliza swali lisilo na jibu.

Tarehe 1 Julai 2004 Tanzania iliingia rasmi katika viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha. Miongoni mwake kilikuwamo kiwango cha 41 cha uhasibu, kihusucho kilimo. Kiwango hicho hukiita kila kiumbe kilicho hai shambani, mmea au mnyama, mali hai, nacho huagiza mali hiyo ipimwe kwa bei ya soko ya siku ya kufunga hesabu, zikiisha kutolewa gharama za kuuzia. Ilikuwa ni katika mwongo huo huo mashamba ya Mbarali na Kapunga yalipouzwa kwa kampuni za watu binafsi. Mwenye mali alibadilika, na kipimo cha mali kikabadilika.

Uzito wa badiliko hilo huonekana kwa mfano. Tuseme kampuni imetumia shilingi milioni 100 kwa mpunga ambao siku ya kufunga hesabu ungeuzwa kwa milioni 160, gharama za kuuzia zikiwa zimetolewa. Kwa desturi ya zamani mpunga huandikwa 100, na faida hapana. Kwa kiwango kipya huandikwa 160, na faida ni 60, ingawa hapana gunia lililouzwa. Mwaka ufuatao bei ikianguka, na mavuno yakauzwa kwa 120, hesabu ya zamani huonyesha faida ya 20, na mpya huonyesha hasara ya 40. Jumla ya miaka miwili ni ile ile, yaani 20. Lililohama ni mwaka wa kuionyesha. Lakini gawio, mkopo wa benki na madai ya wafanya kazi havingoji jumla ya miaka miwili.

Kwa hiyo hata tarehe ya kufunga hesabu ina neno lake. Mpunga wa Usangu hupandwa mvua zianzapo na kuvunwa mvua ziishapo. Kampuni ifungayo hesabu mwezi wa Desemba hukuta miche michanga, na kiwango chenyewe huruhusu gharama ishike mahali pa bei ya soko ikiwa mmea haujakua sana tangu gharama hizo zitumike. Ifungayo karibu na mavuno hukuta masuke, na lazima itafute bei. Tena mpunga ukiisha kukatwa hutoka katika kiwango hicho ukaingia katika kile cha bidhaa zilizo ghalani.

Viwango havikukoma hapo. Marekebisho ya mwaka wa 2007, yaliyoanza kutumika 2009, yaliliondoa hata jina la mizania katika viwango, pakawa na taarifa ya hali ya kifedha, ingawa kampuni haikukatazwa kutumia jina la zamani. Jina jipya ni refu, wala halina picha ya mizani ndani yake. Mkulima wa Chimala ajuaye kupima gunia angeweza kulielewa neno la kwanza bila ya mwalimu. Viwango hutungwa kwa Kiingereza, na hesabu za kampuni husomwa zaidi kwa Kiingereza. Lakini wauzao nguvu zao katika majaruba hayo husema Kiswahili na Kisangu. Kazi ya wanalugha basi si kutafsiri majina tu, bali ni kuchunga ili mtu aambiwapo kwamba kampuni imepata faida, aweze kuuliza: ni faida ya mpunga uliouzwa, au ya mpunga uliosimama?