Pikipiki Kuukuu ya Wanahisabati

Nilicheka nilipoliona jina hilo mara ya kwanza. Nilikuwa nasoma historia ya programu iitwayo MoinMoin, nikakuta kwamba mwanzo wake iliegemea programu nyingine, kazi ya Martin Pool, iliyoitwa PikiPiki. Nikatafuta bodaboda, sikuiona. PikiPiki ilikuwa wiki, yaani tovuti ambayo anayeisoma anaweza pia kuiandika.

Majina ya ukoo huu yanarudufiwa kama ya kwetu. Ward Cunningham alipoanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995, jina alilitoa katika lugha ya Hawaii, ambako wiki wiki ni haraka haraka. Moin moin ni salamu ya Wajerumani wa kaskazini. Na sisi tunajua haraka haraka haina nini. Hebu niwasimulie habari za wiki moja iliyojengwa kwa haraka hiyo, ikatumika miaka mingi, mpaka ikaleta swali ambalo kila mwenye nyumba kuukuu analijua: tukarabati au tuhame?

Ni wiki ya SageMath. William Stein alitoa toleo la kwanza la Sage mwaka 2005, akiwa Harvard. Alitaka iwepo programu huria ya hisabati inayoweza kushindana na Magma, Maple, Mathematica na Matlab, ambazo zote ni za kulipia. Stein alikuwa amechangia msimbo wa Magma yeye mwenyewe, kwa hiyo alijua ubaya wa kutoweza kufungua mashine ukaona inavyofikia jibu. Malalamiko hayo hayakuanza naye. Joachim Neubüser, aliyeanzisha programu ya GAP kule Aachen, Ujerumani, aliwahi kusema hivi kwa maneno yake: nadharia ya Sylow unaisoma maktabani pamoja na uthibitisho wake, bila kulipa, kisha unaitumia maisha yako yote. Kwa nini programu inayoitumia nadharia hiyohiyo idai ada kila mara?

Kwa mwanafunzi wa Afrika hii si falsafa, ni bajeti. Si ajabu kwamba AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzishwa Muizenberg, Cape Town, mwaka 2003, ilikuwa mahali palipoandaliwa vifurushi vya Sage kwa ajili ya watumiaji wa Ubuntu.

Watu wa Sage walikuwa wametawanyika dunia nzima, wakahitaji daftari la pamoja. Wakachukua MoinMoin. Warsha zao, Sage Days, zilianza San Diego mwaka 2006, na humo kwenye wiki zikapewa kurasa: nani anakuja, nani atashughulikia nini, kipi kimekwama. Kukawa pia na kurasa za mifano hai ya kufundishia, unasogeza kitufe na mchoro unabadilika mbele yako. Mwalimu angeichukua mifano hiyo kama ilivyo akaingia nayo darasani.

Halafu nyufa zikaanza.

Ufa wa kwanza ni lugha. MoinMoin 1.9 imeandikwa kwa Python 2, na Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mwezi huohuo Sage 9.0 ikatoka, ikitumia Python 3. Tofauti nyingine ni ndogo mno: amri ya kuchapisha, print, zamani haikuhitaji mabano, sasa inayadai. Mifano iliyoandikwa kwa lugha ya zamani ikawa mitego. Mwanafunzi ananakili mstari, mashine inamkatalia, naye anadhani mjinga ni yeye. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa la ukurasa uliozeeka: lawama inamwangukia msomaji.

Ufa wa pili ni usalama. Mwishoni mwa Desemba 2012 mdukuzi alipita kwenye tundu la MoinMoin akaingia katika wiki ya lugha ya Python yenyewe, akafuta data zake na za wiki ya Jython. MoinMoin huhifadhi kila toleo la ukurasa kama faili la maandishi ndani ya folda. Ni rahisi kunakili, na ni rahisi vilevile kufuta.

Ufa wa tatu ndo mgumu zaidi. Ndani ya msimbo wa Sage, kazi mpya lazima ije na mifano, na kompyuta huirudia mifano hiyo ili kuona kama jibu ni lilelile. Jibu likibadilika, watu wanajua. Wiki haina mlinzi wa namna hiyo. Ukurasa unaweza kusema uongo miaka kumi bila hata taa kuwaka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiwa. Lakini methali haisemi ukuta wa nani. Wiki ni ya wote, na chuo kikuu hakimpandishi mtu cheo kwa kusafisha kurasa za wenzake. Stein mwenyewe alitangaza mwaka 2016 kwamba anaacha kazi ya chuo ili ajenge kampuni.

Hata hivyo kuhama kunawezekana. Mwaka 2023 wajenzi wa Sage waliihamisha kazi yao kutoka Trac kwenda GitHub, wakabeba zaidi ya tiketi 30,000 za makosa na mapendekezo, na tiketi za zamani zikabaki na namba zake. Maoni yaliyoandikwa ndani ya msimbo zamani, yakimwelekeza mtu kwenye tiketi fulani, bado yanamfikisha.

Kurasa za wiki hazina namba, na si zote zinazostahili safari. Mashine inaweza kubadilisha alama za maandishi, lakini haijui kipi bado ni kweli. Hiyo ni kazi ya mhariri. Ningekuwa mimi, mifano ningeihamishia kwenye mwongozo rasmi, ambako kompyuta itaijaribu kila toleo. Isiyofanya kazi irekebishwe au iondolewe. Kurasa za warsha ningezifunga zisibadilike tena, ningeweka tarehe juu, na ningeziacha kwenye anwani zilezile.

Maana hizo zina msomaji mwingine. Orodha ya waliokutana San Diego mwaka 2006 haitamsaidia mtu kutatua mlinganyo. Ila siku mtu akitaka kujua ni nani walioamua kwamba hesabu zisiuzwe, atatakiwa aikute.