Mumiani na Ushahidi wa Mwamba

Neno mumiani limewatia hofu watu wengi wa Afrika Mashariki. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilieleza kuwa ni kitu cheusi mfano wa gundi, dawa ya mifupa iliyovunjika, kilichosemwa kuwa hutoka Uajemi. Lakini wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyoganda. Asili ya neno haina damu. Kwa Kiajemi mumiya ni lami itokayo mwambani.

Jina hilo lilipofika Ulaya kwa njia ya vitabu vya tiba vya Waarabu, watu walidhani kuwa maiti nyeusi za Misri zimejaa lami hiyo. Maiti zikafukuliwa, zikasagwa, zikauzwa kuwa dawa. Lakini weusi si shahidi wa kutosha, kwa kuwa utomvu na mafuta yakizeeka huwa meusi pia.

Shahidi wa kweli alikuwa ndani ya lami yenyewe. Mwaka 1934 Alfred Treibs wa Ujerumani alionyesha kuwa mafuta ya ardhini yana mabaki ya rangi ya kijani ya mimea. Tangu hapo wanajiokemia wamejifunza kusoma masalio ya viumbe katika lami: hopani za bakteria na sterani za mwani. Gamaserani ikiwa nyingi, huashiria maji ya chumvi kali; diasterani zikiwa chache, huashiria mwamba wa chokaa usio na udongo mwingi wa mfinyanzi. Lami hurithi alama za mwamba uliyoizaa kama mtoto arithivyo sura ya wazazi.

Lami ya Bahari ya Chumvi ina alama hizo, urithi wa chokaa ya mwisho wa zama za Kretasia. Mwaka 1988 Jürgen Rullkötter na Arie Nissenbaum walizitambua katika maiti za Misri. Mwaka 2002 James Harrell na Michael Lewan walitaja chimbuko la pili, Gebel Zeit, kando ya Ghuba ya Suez. Mwaka 2016 uchunguzi wa maiti 39 haukuona lami yoyote kabla ya Ufalme Mpya, ulioanza kama mwaka 1550 K.K. Baadaye ilikuwamo katika nusu ya maiti, na wakati wa Waptolemayo na Warumi katika asilimia 87. Wala haikuzidi asilimia 45 ya uzito wa dawa ya kuhifadhia.

Basi jina moja lilizaa makosa mawili: Ulaya liligeuza maiti kuwa dawa, Afrika Mashariki liligeuza dawa kuwa damu. Neno husafiri na kubadilika kinywani mwa kila apokeaye. Alama ya mwamba haibadiliki kwa uvumi.