Nguo Huoza, Ushanga Hubaki: Mavazi ya Wahenga Wetu wa Pwani

Ninaishi Kiandutu, hapa Thika, lakini kitovu changu kimezikwa Gede. Jirani yangu anauza mitumba. Juzi alipokuwa akifungua robota, binti yake wa gredi ya saba aliniuliza: "Guka, wenzangu darasani wanasema watu wa Pwani waliletewa nguo na wageni. Kabla ya hapo mlikuwa mnavaa nini?"

Nilicheka, kisha nikaona si swali la kuchekwa. Hata watu wazima wetu huamini kwamba kila kilichotupamba kilishushwa jahazini. Nimeona niwajibu wote hapa.

Tuanze na ugumu wenyewe. Pamba, ngozi na majani huoza upesi katika udongo wetu wenye joto na unyevu. Tena kwa karne nyingi maiti zetu za Kiislamu zimezikwa kwa sanda tu, bila pambo. Huko Korea, makaburi ya wafalme wa Silla mjini Gyeongju yametoa mataji ya dhahabu. La kwanza lilipatikana mwaka 1921. Kwetu, kaburi halitupi kitu. Pambo tunalitafuta kwenye sakafu za nyumba na majalalani, mahali lilipodondoka na kusahauliwa.

Ushahidi wa kale zaidi uko katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 wataalamu, wakiwemo wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, walitangaza kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Wamempa jina Mtoto. Namna mifupa yake ilivyokaa inaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kwa kitu kilichooza, na kichwa kililazwa juu ya kitu kama mto. Katika pango hilohilo umepatikana ushanga wa kombe la baharini wenye zaidi ya miaka 60,000. Kujipamba, basi, hakukusubiri jahazi.

Tukija karibu zaidi, kule Tumbe, Pemba, kijiji cha kati ya karne ya 7 na ya 10, wachimbuzi walikuta vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji. Ndivyo vilivyotumika kusugulia vipande vya makombe mpaka vikawa shanga. Kumbe kulikuwa na mafundi.

Na nguo je? Hapa ndipo penye jibu la binti yule. Kilwa, katika tabaka za karne ya 12 na baadaye, Neville Chittick alifukua vigae vilivyochongwa kuwa duara na kutobolewa katikati. Kigae cha namna hiyo huvishwa kwenye kijiti; uzito wake hukizungusha kijiti, na pamba ikasokotwa kuwa uzi. Nguo imeoza, lakini chombo cha kuitengenezea kimebaki. Watu wasiofuma hawasokoti uzi.

Maandishi nayo yanakubaliana na udongo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilipelekwa hadi Misri. Mapema karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyofumua nguo za rangi kutoka Cambay, India, wakachanganya nyuzi zake na pamba yao nyeupe, wakafuma upya. Nguo za nje zilikuja, ndiyo, na shanga nyingi za kioo zilitoka India. Lakini wazee wetu hawakuvaa tu walicholetewa. Walikifumua wakakifanya chao. Fundi wa hapa Kiandutu anayekata suruali ya mtumba akashona sketi ya mtoto anaifanya kazi hiyohiyo.

Gede kwetu, James Kirkman alichimba kuanzia mwaka 1948, na nyumba kadhaa zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Kete, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO.

Hapo nina la kuungama. Utotoni, mvua ikishanyesha, tuliokota shanga magofuni. Dada yangu alizitunga kwa uzi, akavaa, zikapotea. Tulidhani ni vitu visivyo na mwenyewe. Leo najua kwamba ushanga ukiwa ndani ya tabaka lake hueleza ni wa karne gani na ulikuwa nyumba ipi, na kioo chake kikipimwa hueleza kilikotoka. Ukitiwa mfukoni, habari za mahali na wakati wake hupotea, na hazirudi.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko nyumbani, anayelima au kuchimba msingi akakuta ushanga au kigae kilichotobolewa, asikiuze wala asikisafishe. Akiache kilipo, awape habari watu wa Makavazi. Sheria ya mwaka 2006 inamtaka afanye hivyo.

Binti yule nilimwambia: tulivaa tulichofuma. Akaniuliza, "Ushahidi uko wapi?" Nami nikafurahi kwamba, licha ya zile nilizookota mimi, bado upo wa kumwonyesha.