Miaka 150 ya ubishi wa Lukuga: vijana wa Kalemie watafundishwa lini kulisoma ziwa lao?

Mvua za 2024 zilipolifurisha Ziwa Tanganyika na maji kuingia katika mitaa ya ufukweni mwa Kalemie, upande wa Kongo, kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walisema mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, umeziba kwa mchanga na magugu, wengine wakasema ni mvua tu, wengine wakataja hasira za mababu. Ubishi huo si mpya. Mwaka huohuo ulitimia miaka 150 tangu wageni waanze kubishania mto huu katika vitabu vyao.

Mwezi Mei 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mdomo wa Lukuga akitokea Ujiji, na mashua zake mbili, Betsy na Pickle. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, yuleyule aliyewaongoza Burton na Speke hadi ziwani mwaka 1858. Cameron aliingia mtoni kilometa chache, kisha akazuiwa na mafunjo yaliyofunga njia. Chifu wa mahali hapo alimwambia kwamba watu wake huufuata mto huo zaidi ya mwezi mzima hadi unapoingia mto Lualaba. Cameron alimwamini. Akarudi na habari kwamba tundu la kutolea maji ya Tanganyika limepatikana.

Miaka miwili baadaye akaja Henry Morton Stanley. Alipima mkondo kwa vitu vinavyoelea, akasema hapa hakuna mto unaotoka. Kuna ghuba ya matope ambayo siku moja itakuwa mto, kwa sababu ziwa linapanda. Ushahidi wake aliutoa Ujiji, ambako maji yalikuwa yamemeza ufuko aliokanyaga mwaka 1871. Wasomi wa London wakagawanyika makundi mawili.

Hukumu ilitolewa na ziwa lenyewe. Karibu na mwaka 1878 maji yalilisukuma lile zibo la mafunjo na matope likapasuka. Edward Hore, mmisionari na baharia, alipofika mwaka 1879 alikuta mto unakwenda kasi. Katika muda usiofika miaka 20 ziwa lilishuka mita kama 10. Kwa hiyo Cameron na Stanley kila mmoja aliona nusu ya ukweli: Lukuga huziba ziwa linaposhuka, hufunguka linapojaa. Aliyekuwa na habari kamili ya njia ya mto ni yule chifu, lakini hakuna aliyemuuliza zaidi, wala aliyewafundisha wanawe kutumia vyombo vya kupimia.

Mtindo huo uliendelea. Kituo cha Albertville, Kalemie ya leo, kilianzishwa na Kapteni Jacques mwaka 1891. Reli ya kutoka Kabalo ilifika mwaka 1915. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa Wabelgiji ulizunguka ziwa zima; André Capart akachora ramani ya kina chake, kinachofikia mita 1,470, na Max Poll akaainisha samaki. Uvira ikapata kituo cha utafiti ambacho kipo hadi leo. Lakini Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, wenyeji wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Waliovuta nyavu na kupiga kasia katika misafara hiyo walikuwa wetu. Waliotia saini kwenye ripoti walikuwa wengine.

Nafasi ya kwanza kubwa ya kubadili mambo ilifunguliwa ng'ambo, Kigoma, mwaka 1998. Ni Mradi wa Nyanza, ulioongozwa na Profesa Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani. Wanafunzi wa Marekani na wa nchi zinazopakana na ziwa walikaa pamoja kwa majuma kadhaa, wengi wao wakiwa bado hawajamaliza shahada ya kwanza. Kila mmoja alipewa msimamizi na akawa na swali lake mwenyewe.

Kazi ya namna hii si ya kusikiliza tu darasani. Bomba linashushwa kutoka kwenye chombo hadi linazama katika matope ya chini ya ziwa. Likishapandishwa linapasuliwa kwa urefu, na tabaka zinaonekana, nyeusi na nyeupe, za juu changa na za chini kongwe. Mwanafunzi anakata vipande, anachuja, anakaa na hadubini kuhesabu magamba ya ostrakodi, vijidudu vidogo sana vinavyobadilika maji yakibadilika. Mwishoni anaandika ripoti yenye jina lake na kuitetea mbele ya wenzake na maprofesa.

Matope hayo yamezungumza. Yaliyochotwa mwaka 2004 yalitoa historia ya mvua na joto ya miaka 60,000, iliyochapishwa mwaka 2008. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba joto la uso wa ziwa katika karne iliyopita halijapata kutokea kwa miaka 1,500. Mwaka 2016 Cohen na wenzake walieleza kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara, kwa sababu ya joto. Habari hiyo ingemfaa kila mvuvi wa Kalemie anayeambiwa kwamba yeye peke yake ndiye aliyemaliza ndakala na mikebuka.

Mwaka mradi ulipoanza Kigoma, upande wetu uliingia vitani. Mradi ulidumu takriban muongo mmoja, kisha ukafungwa. Tangu hapo zimekuja warsha na miradi ya nchi nne zinazopakana na ziwa, nyingi zikiwa fupi.

Kuwavuta vijana katika sayansi hii si rahisi popote. Hata Marekani, yenye fedha, sayansi ya ardhi imeshindwa kuwavuta weusi na wachache wengine. Utafiti wa mwaka 2018 ulisema hakuna maendeleo katika miaka 40. Kilichosaidia kidogo ni hichohicho kilichofanywa Kigoma: kumweka kijana kazini mapema, na mwalimu pembeni yake.

Kongo inamiliki sehemu kubwa ya ziwa hili, na mlango pekee wa kutolea maji yake uko Kalemie. Nchi nne zitakapokaa kuamua Lukuga ichimbwe au iachwe, upande utakaosikilizwa ni ule wenye vipimo. Kalemie ina chuo kikuu. Mashua moja, mabomba, hadubini chache na profesa wa kukaa na wanafunzi miezi miwili kila kiangazi ni gharama ndogo kuliko kuhamisha mtaa mmoja uliofurika.