Chapa

Chapa ni alama inayogongwa juu ya kitu ili kionyeshe kilikotoka, mtengenezaji wake au ubora wake. Neno lina asili ya Kihindi. Limezaa kitenzi kuchapa na mtu wa kazi hiyo, mpigachapa.

Sokoni Nyakitonto, nchini Tanzania, maharage ya kuuza hupimwa kwa mizani ambayo kisheria lazima ihakikiwe na kugongwa chapa na Wakala wa Vipimo. Uzito wa chapa hiyo uko hapo: mwenye mizani hajigongei mwenyewe.

Vyombo vya kale vya fedha vya Uingereza hufuata msingi huohuo. Sonara huweka herufi za jina lake tu. Alama nyingine hugongwa na ofisi ya ukaguzi. Simba anayetembea huthibitisha kuwa sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Kichwa cha chui ni cha London, nanga ni ya Birmingham, iliyopata ofisi yake mwaka 1773. Herufi inayoonyesha mwaka ndiyo huwasumbua wanunuzi, kwa kuwa alfabeti hurudiwa na ni umbo la herufi au la fremu yake linalobadilika.

Tabora nayo ina chapa yake. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walifua huko sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo upande mmoja. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Herufi T juu yake humaanisha Tabora.